Dakika Kumi na Tisa za Karanga

Simu ilitetemeka kwenye mfuko wa ovaroli.

"Fundi."

"Nakusikia, Mkuu."

"Bibi harusi anavaa. Saa nne na robo atakuwa ukumbini."

"Mapambo yako tayari."

"Safari hii yawe tayari kweli."

Laini ikakatika.

Safari hii. Maneno mawili tu, na Mkuu wala hakuwa na nia mbaya alipoyasema. Lakini roho ilimsuta Popo.

Popo ndilo jina alilopewa na Idara, kwa sababu alikuwa bingwa wa kunasa sauti. Jalada lake lilisema angeweza kurekodi mnong'ono wa watu wawili kutoka ghorofa ya juu. Jalada halikusema yote.

Asubuhi hiyo alikuwa kwenye kibanda cha mitambo nyuma ya ukumbi wa mikutano. Ovaroli ya fundi. Saa ya Casio mkononi. Bastola ya Glock 19 kiunoni. Mbele yake palikuwa na mikisa kubwa ya ukumbi, mashine ya kupangia sauti za maiki na spika, na kando yake laptopu nyeusi, nyembamba kama sinia, yenye tundu moja tu la USB na tundu moja la duara. Kati ya mikisa na laptopu kililala kisanduku kidogo cha sauti, kilichochomekwa kwenye tundu la USB. Bila kisanduku hicho, mikisa na laptopu ni kama bubu na kiziwi.

Windo, huyo "bibi harusi" wa kwenye simu, lilikuwa bwana mmoja mnene anayemiliki maghala ya dawa. Idara ilimwita Tai, kwa vile haikuwahi kumwona bila tai shingoni. Alikuwa akinunua dawa zilizokwisha muda kutoka kwa Mgeni, mfanyabiashara aliyeingia nchini kwa pasipoti tatu tofauti, kisha anazibandika lebo mpya. Dawa za kikohozi za watoto. Malori yalikuwa yamepakiwa tayari, yanangoja amri yake.

Kumnasa mtu huyo ilikuwa kazi kwelikweli. Hakuzungumza kwenye simu. Chumba chochote alichoingia kilipekuliwa kwanza, hadi chini ya mazulia.

Lakini Tai alipenda kuhutubia. Popo alikuwa ametazama mikutano yake sita. Kila mara alishuka jukwaani na kuingia chumba cha nyuma akiwa bado na maiki kifuani, akimwachia fundi kazi ya kuizima. Hilo ni kosa la watu wa jukwaani. Spika zikinyamaza, wao hudhani maiki nayo imekufa.

Mikisa ile ilikuwa na njia ya pembeni. Ukiizima sauti ukumbini, njia ya pembeni inaendelea kuipeleka unakotaka.

Popo alitaka iende kwenye laptopu. Kibali cha hakimu kilikuwa mfukoni, na saa nane mchana mahakama ilikuwa inatoa hukumu.

Hukumu ya shemeji yake.

Kaka wa mkewe alikuwa mtunza ghala wa Tai. Miezi mitatu nyuma Popo ndiye aliyemwingiza katika kazi hii, sebuleni kwake mwenyewe, huku mkewe akiwa jikoni. "Shemeji, ni siku moja tu. Utavaa kidude chini ya shati, utamchokoza Tai aongee, basi. Mengine niachie mimi."

Na shemeji akamwachia.

Siku hiyo Popo alikaa ndani ya Toyota Noah, mtaa wa pili kutoka ghalani, akimsikia Tai kwenye hedifoni, kila neno, wazi kabisa. Waya wa kipokezi ulikuwa umechomekwa kwenye laptopu. Mistari ya sauti ilikuwa inaruka kwenye kioo. Popo akastarehe, akafungua pakiti ya karanga.

Kumbe kuchomeka waya si kuunganisha. Laptopu ina sikio lake lenyewe, tundu dogo karibu na kioo, na usipoichagulia njia ya kusikia, itasikia kwa sikio hilo hilo. Popo, bingwa, mwalimu wa wenzake, hakuchagua.

Aliposikiliza rekodi jioni, Tai hakuwemo. Alikuwemo Popo. Dakika kumi na tisa za Popo akitafuna karanga na kuimba wimbo wa mapenzi, tena kwa sauti mbovu.

Akaifuta. Akaripoti kwamba mashine ililala.

Siku tatu baadaye Tai alinusa jambo. Polisi wakakuta maboksi ya lebo bandia kwenye kabati la mtunza ghala. Idara haipandi kizimbani, na bila rekodi haimjui mtu. Shemeji akatiwa ndani, mke wake akajifungua peke yake, na kila Jumamosi mke wa Popo alibeba chakula kwenda gerezani, akirudi humwambia mumewe, "Asante kwa kuhangaika, baba. Wewe ulifanya uwezalo."

Na Popo huinuka mezani bila kumaliza chakula.

Saa nne na robo.

Tai alipanda jukwaani. Maiki kifuani, tai nyekundu shingoni. Akazungumzia afya ya watoto dakika ishirini na tano bila haya.

Popo alikagua mipangilio. Njia ya kusikia: kisanduku cha sauti. Akakagua tena. Na tena. Safari hii asingefanya ujinga.

Mlango wa kibanda ukafunguliwa. Akaingia mlinzi wa Mgeni, pande la mtu, shingo na kichwa upana mmoja. Akatazama waya. Akatazama chini ya meza.

"Wewe ndiye unayerekodi?"

"Hotuba tu, kaka. Bosi wenu ataitaka."

Mlinzi akaguna, akasimama nyuma yake. Jukwaani Tai alimaliza. Makofi. Tai na Mgeni wakapotelea mlango wa nyuma. Popo akashusha kitelezi cha maiki ya Tai, macho yakiwa jukwaani. Spika zikanyamaza. Kwenye laptopu mistari iliendelea kuruka.

Vizuri, alijiambia.

Wakati huo akaingia Mama Waya na vikombe viwili vya chai. Mama Waya ndiye aliyekuwa fundi halisi wa ukumbi ule kwa miaka ishirini. Alikuwa ameambiwa tu kwamba Popo ameletwa kurekodi. Alikuwa na mazoea yake: hakuna mashine iliyorekodi mbele yake bila yeye kuikwaruza aone inasikia kwa sikio lipi. Akaweka chai chini, akakwaruza kifuniko cha laptopu kwa ukucha.

Mistari ikaruka hadi juu.

"Baba," alisema Mama Waya kwa upole, "unarekodi meza."

Popo akainama haraka.

Akatazama ubavuni mwa laptopu. Kwenye tundu la USB palikuwa na waya mwingine, mweupe. Akaufuata kwa macho. Ulikwenda hadi kwenye simu iliyokuwa mkononi mwa mlinzi. Waya wa kisanduku ulikuwa unaning'inia mezani.

"Nimeazima umeme kidogo," alisema mlinzi. "Simu ilikuwa inazimika."

Laptopu, ilipopoteza kisanduku, haikupiga kelele. Ilirudi kimyakimya kwenye sikio lake. Mistari iliyokuwa ikiruka ilikuwa makofi ya watu.

Yale yale. Mungu wangu, yale yale. Popo aliona miaka kumi na mitano ya jela inayomngoja shemeji yake imesimama mbele yake. Kumnyang'anya mlinzi tundu lile kungekuwa kumwambia kuna neno. Casio ilisema dakika tatu zimeshapotea.

Lilibaki tundu la duara.

Akatoa waya wake wa akiba, upande mmoja kwenye njia ya pembeni, mwingine kwenye laptopu. Akakwaruza. Mistari ikaruka tena: bado meza.

"Huo hauwezi," alisema Mama Waya. Aliuchomoa, akasogeza ncha yake karibu na macho. "Una mistari miwili. Mashine inadhani umechomeka hedifoni za kusikilizia tu. Tundu hili linataka ncha ya mistari mitatu."

"Unao, mama?"

"Mimi huitwa Mama Waya bure?"

Akauchomoa kutoka kwenye mkoba wake wa mkononi, ukiwa umefungwa pamoja na leso na miwani. Alikuwa ameuunga mwenyewe kwa risasi ya kuchomelea. Popo akauchomeka. Laptopu ikauliza ni kifaa gani. Akajibu: chenye maiki. Akafungua mipangilio, akachagua njia. Mistari ikapanda yote, ikawa myekundu.

"Unamkaba roho," alinong'ona Mama Waya. "Sauti ya mikisa ni kubwa, tundu hilo limezoea maiki ndogo. Punguza. Punguza tena. Hapo."

Kijani.

Popo akakwaruza kifuniko. Mistari haikujali. Akavaa hedifoni, naye Mama Waya akaegemeza sikio lake upande mmoja.

"...malori yatoke saa sita," ilikuwa ikisema sauti ya Tai. "Zahanati thelathini. Lebo ni mpya, nani atajua?"

"Na yule mtunza ghala?" Hiyo ilikuwa ya Mgeni.

Kicheko cha Tai. "Leo anahukumiwa. Mimi mwenyewe niliagiza maboksi yawekwe kwenye kabati lake. Anapiga kelele kwamba kasingiziwa, lakini ushahidi hana."

Mama Waya akajiinua taratibu. Uso ulikuwa umebadilika. Akamtazama Popo, akatazama ovaroli, akatazama mahali ilipotuna kiunoni. Hakuuliza.

Mlinzi ndiye aliyeuliza.

"Jukwaani hakuna mtu." Alinyoosha kidole kwenye mikisa. Taa ndogo ya maiki ya Tai ilikuwa ikipepesa. "Huyo anayeongea ni nani?"

"Mawimbi tu, kaka."

"Leta nisikie."

Mkono wake mwingine ulikuwa umeingia ndani ya koti.

Popo alihesabu. Hatua moja. Glock ingehitaji sekunde mbili, na huyu alihitaji moja.

"Mpe asikie," alisema Mama Waya, kama mama anayeamua ugomvi wa watoto. Akazivua hedifoni kichwani mwa Popo, akazivisha kwenye kile kichwa kikubwa, akazibana vizuri masikioni.

Kisha akabonyeza kitufe cha mlio wa kupimia spika, akazungusha kidhibiti cha hedifoni hadi mwisho.

Mlinzi alipiga yowe, mikono yote miwili ikaenda masikioni. Bastola ikaanguka.

Sekunde moja.

Popo alimpiga goti la tumbo, akamkunja mkono mgongoni, akamlaza juu ya waya zake. Pingu. Mama Waya akauzima mlio, akampa Popo hedifoni: Tai alikuwa bado anazungumza, sauti safi, akitaja hata namba za malori.

"Mkuu," Popo alisema kwenye simu, "bibi harusi ametoka. Chumba cha nyuma. Malori yako geti la kaskazini."

"Na rekodi?"

Popo akakwaruza kifuniko mara nyingine. Mistari haikutikisika.

"Ipo."

Saa nane kasoro robo rekodi ilikuwa mezani kwa hakimu. Saa nane na nusu kesi ikafutwa. Malori yote yalizuiwa. Tai alikamatwa pamoja na Mgeni, Mgeni akiwa na pasipoti ya nne. Mkuu alipiga simu kwa sauti iliyojaa furaha.

"Kazi safi, Popo. Ile ya kwanza tuilaumu mashine, hii tumsifu mtu. Utapandishwa cheo."

"Mkuu, ile ya kwanza nitakuja kuieleza."

"Kueleza nini?"

"Kesho saa mbili. Ana kwa ana."

Akakata.

Shemeji alitoka mlango wa nyuma wa mahakama, amekonda, ana mfuko wa plastiki mkononi na kandambili miguuni. Alipomwona Popo ameegemea gari alianza kukimbia.

"Shemeji! Nilijua hutanitupa!"

Akamkumbatia. Popo alisimama kama gogo.

"Twende basi, twende! Nataka kumwona binti yangu. Wanasema kafanana na mimi, maskini wa watu."

"Shemeji, subiri."

"Gari bovu?"

"Siku ile mashine haikulala."

Shemeji akaendelea kutabasamu, akidhani kuna mzaha unakuja.

"Nilichomeka waya, sikuchagua njia. Laptopu ikanirekodi mimi. Nakula karanga, naimba. Nikaifuta, nikasema mashine imelala. Miezi yote hii umekaa ndani kwa sababu yangu."

Tabasamu lilichukua muda kuondoka. Shemeji aliuweka mfuko chini.

"Kwa hiyo nilisema vizuri?"

"Nini?"

"Siku ile ghalani. Nilisema kwa sauti ya kutosha?"

"Ulisema vizuri sana. Nilikuwa nakusikia, wewe na yeye. Kila neno."

Shemeji alitazama barabara. 

"Mimi nilidhani nilinong'ona mno. Kila siku mle ndani nilijiambia, ningemsogelea Tai hatua mbili tu, kidude kingeshika. Nilijiona mjinga niliyeiharibu kazi yako. Nimemwandikia mke wangu barua kumwomba radhi, shemeji. Amezaa peke yake, nami nikamwomba radhi kwa kosa lako."

Popo alimfungulia mlango wa gari. Shemeji hakuingia.

"Dada anajua?"

"Hajui."

"Mwambie kabla sijafika. Sitaki kukaa nyumbani kwako nikificha siri yako, nimechoka kukubebea mizigo." Akaokota mfuko. "Na usinifuate na hilo gari. Nitatembea."

Akaondoka. Hakugeuka nyuma, kandambili zikipiga lami, hadi akapinda kona.

Popo alibaki na funguo mkononi. Akatoa simu. Iliita mara moja tu.

"Baba! Ameachiwa? Mko wapi? Mke wake yuko hapa na mtoto, chakula kinapoa!"

"Ameachiwa. Anakuja kwa miguu."

"Kwa miguu? Na gari unalo?"

"Kaa chini, mama," alisema Popo. "Nikuambie kwa nini."