Wakili Aliyemhoji Dadangu

"Madam, si ni wewe wiki jana ulilia ukisema umemkumbuka mume wako?"

Mukami, dadangu, alikuwa pale kizimbani, mkono kwa plasta. Akanitafuta kwa macho. Hayo alikuwa ameniambia mimi peke yangu. Na mimi nilikuwa nimemwambia mtu mmoja tu: Mwirigi, mchumba wangu.

Ndiye aliyekuwa amesimama hapo kwa suti, akimtetea Gichovi, mume aliyemvunja Mukami mkono. Mimi aliniambia ana kesi ya shamba Meru.

Nilimngoja nje ya korti.

"Kanini, sikia..."

"Usinishike!"

"Ni kazi. Kila mshtakiwa ana haki ya wakili."

"Apate. Mawakili wameisha hapa Siakago? Lazima awe wewe?"

"Si ni wewe uliniambia niache ndondi? Ukasema hutaki bwana wa kupiga watu?"

"Heri ungebaki ulingoni. Huko ulikuwa unapiga mtu mwenye glavu. Mukami alikuwa na nini?"

Jioni akatuma meseji: "Jumamosi wazee wangu wanatoka Ruiri na mbuzi za mahari. Tafadhali usiniaibishe. Haya mengine tutaongea tukishaoana."

Nikamwonyesha baba.

"Nani hapa Mbeere amepata mkwe wakili?" baba akasema. "Ya korti wachia korti."

"Na Mukami, baba?"

"Mukami atapona."

Mukami alikuwa hapo tu, akipepeta ndengu kwa mkono mmoja.

Jumamosi walikuja, mbuzi zikafungwa kwa ua. Mzee Kailemia, mjomba wa Mwirigi, akainua kibuyu cha uji. Kwetu hakuna anayeonja kabla ya msichana kuulizwa; akisema wanywe, amekubali kuolewa.

"Binti yetu, tunywe?"

Nikamwangalia Mwirigi.

"Kanini, wazee wana kiu," baba akakohoa.

"Niko na swali kwanza. Mwirigi, hayo uliyomuuliza dadangu mbele ya hakimu, nani alikuambia?"

"Kanini, hapa si kortini."

"Nani?"

"Ni wewe."

"Nilikuambia nikiwa wapi?"

Akaangalia chini. "Kwangu. Ukilia."

"Na ulijua utanitumia kesho yake?"

Mzee Kailemia akaweka kibuyu chini polepole.

"Mwirigi, huyu msichana mwenye plasta ni shemeji yako? Na umemsimamia aliyempiga?"

"Mjomba, sheria inasema..."

"Nimekuuliza sheria?"

Nikasimama.

"Wazee, nawaheshimu. Msinywe."

"Umeniua, wewe msichana!" baba akapiga kelele.

"Nitajiondoa kwa hiyo kesi!" Mwirigi akaruka. "Jumatatu asubuhi, naapa!"

"Jiondoe, usijiondoe. Mimi nimeshatoka."

"Kanini, miaka yote hii? Nimesoma kwa ajili yako!"

"Ukasoma, ukajua pa kupiga."

Mzee Kailemia akaziba kibuyu, akavaa kofia yake, akamwangalia mpwa wake kutoka viatu vyake vinavyong'aa hadi tai.

"Wakili," akasema, "fungua mbuzi. Na utazivuta wewe mwenyewe mpaka barabarani."