Mfasiri wa Kitabu cha Mabomu

Jibu lilifika kabla Piroska hajabonyeza kutuma. "Kazi nimeipokea. Kálmán Ordas."

Wiki nzima ofisi yake ya tafsiri hapa Budapest ilikuwa ikihangaika kutafuta mtu wa kutafsiri kitabu cha jeshi, cha kutegua mabomu ya ardhini, kutoka Kihispania kwenda Kihungari. Wafasiri wa Kihispania wamejaa tele, lakini wape riwaya za mapenzi. Ukitaja bomu tu, wanaaga. Na kitabu chenyewe kilimhusu Zsolt, mdogo wake Piroska, ambaye kikosi chake kingeondoka nacho Jumatatu. Ndipo alipofukua orodha ya zamani ya wafasiri walioidhinishwa na jeshi, akaokota jina asilolijua, akaanza kumwandikia barua pepe.

Mchana ule ule kurasa zikaanza kutoka kwenye printa ambayo hakuna aliyeigusa. Zilinuka udongo uliolowa. Kwenye meza isiyo na mtu ikasikika taipureta, na ofisi ile haina taipureta.

"Mjomba Benedek, unasikia?"

Benedek, mhakiki wao wa siku nyingi, alitazama jina. "Mwanangu, huyu nilimzika. Mwaka wa ishirini na mbili huu."

"Usinitanie!"

"Aliruka mstari kwenye kitabu kama hiki. Askari watatu wakalipuka. Lawama zote akabebeshwa yeye, zikamuua." Akashusha sauti. "Na mhakiki wake nilikuwa mimi. Nilitia sahihi bila kusoma. Ilikuwa Ijumaa, nawahi treni ya kwenda ziwa Balaton."

Taipureta ikanyamaza. Ukurasa wa mwisho ukatoka, na chini yake sahihi ya Benedek ilikwisha kuwekwa, wino bado mbichi.

Piroska aliogopa, lakini alimwogopea Zsolt zaidi. "Soma, Mjomba! Neno kwa neno!"

Benedek akasoma kwa sauti, na kadiri alivyosoma ndivyo kiti cha meza ile kilivyomsogelea, kidogo kidogo, mpaka kikamgusa goti, naye jasho linamtiririka, hathubutu kuinua macho, hadi ukurasa wa arobaini, ambako mstari wa onyo haukuwepo, ule ule ulioachwa zamani. Akauandika kwa mkono wake. Akaifuta sahihi ile, akatia yake.

"Kosa lilikuwa langu, Kálmán," akasema, akalia kama mtoto.

Kiti kikatulia.

Jumatatu asubuhi Zsolt akapiga simu kutoka garini. "Dada, kitabu tunacho. Ila huyu mzee wako, Ordas, mbona hukuniambia tunaondoka naye? Amekaa hapa ubavuni kwangu. Anasema safari hii atatusomea mwenyewe."