Swali la Msabah

"Kikuba hicho kakufungia nani?"

Shemsa aligusa kifuani, pale alipokibana kwa pini kile kishada cha asumini, rehani na mkadi, kama mtu aliyesahau kuwa amekivaa.

"Salamu kwanza, Suhaib."

"Nshakusalimu. Kakufungia nani?"

"Maua tu haya."

"Si maua tu. Vikuba vyako vyote anakufungia bibi yangu. Yeye hukaza kwa uzi mweupe, ncha akaificha ndani. Hicho kimefungwa kwa ukili, ncha ziko nje. Mkono mwengine huo."

Shemsa akacheka. "Hivi wewe ni fundi wa viyoyozi au kadhi wa maua?"

Walikuwa Mkunazini, nje ya hoteli ambayo Suhaib alikuwa akifunga viyoyozi. Kijana wa miaka kumi na tisa, mrefu, mikono mikubwa, vumbi la ukuta nywele zote. Shemsa alikuwa rika lake, mwaka wa kwanza chuoni Tunguu, na kila alipoteremka mjini alipita kumuona. Walipendana tangu skuli. Suhaib hakuwa na jambo jengine duniani alilolitaka kuliko kumuoa msichana yule, wala hakuwa na jambo aliloliogopa kuliko kumpoteza.

Simu ya Shemsa ikaita mkononi. Jina likatokea, na Suhaib akaliona kabla hajaifunika.

Amour Bakar.

Mji mzima una majina mangapi? Likatokea hilo. Maana Suhaib alijulikana Unguja nzima, na si kwa viyoyozi. Alikuwa mtoto wa Msabah, yule wa Mpendae, aliyemuua mkewe Salhiya jikoni kwake, kisha akavuka ua na panga mkononi akamuua jirani yake Bakar, kwa kuwadhania tu kwamba wanapendana. Suhaib siku ile alikuwa chuo cha Kurani, anasoma juzuu yake, mtoto wa miaka saba. Baba alikwenda jela maisha. Mtoto akachukuliwa na bibi yake mzaa mama. Na huyo Bakar aliyeuliwa aliacha mwana mmoja wa kiume, Amour.

"Nipe simu," Suhaib akasema.

"Hiyo ni simu yangu."

"Amour anakupigia kwa lipi? Watu wote, Shemsa. Ukamuokota Amour."

"Siwezi kukwambia leo. Nimeahidi. Ngoja mpaka Ijumaa."

"Ijumaa kuna nini? Ndoa?"

Akaushika mkono wenye simu. Hakuushika kwa nguvu sana, lakini aliushika.

"Niachie."

Hakuachia.

"Suhaib, tazama mkono wako."

Akautazama. Akauachia kama aliyeshika pasi ya moto. Shemsa akatengeneza buibui lake, akaondoka bila ya kuaga.

Jioni Suhaib alimwandikia: *Mpe Amour hongera. Baba'ko atafurahi, huyo hana doa.*

Jibu likaja: *Usiniandikie ukiwa hivyo. Nakupenda, lakini usiniandikie ukiwa hivyo.*

Hilo "nakupenda" hakuliona. Aliona "lakini".

Bi Mwanamkasi, bibi yake, alikuwa uani kwake Jang'ombe, sinia la asumini mapajani, anafunga vikuba vya harusi ya watu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Uso huo umeutoa wapi? Umepigwa na umeme?"

"Shemsa ana mtu."

"Lo. Umemuona?"

"Nimeona kikuba chake. Si mkono wako. Kisha akapigiwa simu na Amour wa Bakar."

Vidole vya bibi vikasita. "Kikuba ukamwambiaje?"

"Nilimuuliza tu."

"Ulimuuliza vipi? Nambie maneno yenyewe."

"Nilimuuliza, kikuba hicho kakufungia nani."

Bi Mwanamkasi akaliweka sinia chini.

"Bibi?"

"Ndivyo alivyouliza baba'ko. Neno kwa neno. Nilikuwa pale uani kwao, nnatwanga. Marehemu Bakar alirudi shamba na kapu la asumini, mpwa wake anaolewa, akawagaia wanawake wote wa mtaa. Mama'ko akajifungia kikuba kwa mkono wake mwenyewe. Baba'ko akaingia, akauliza hilo swali. Mwanangu akafungua mdomo, hakungojwa. Mpaka leo hakuna anayejua angemjibu nini, ingawa jibu lilikuwa dogo tu."

Suhaib akakaa chini sakafuni. Hakuwahi kuambiwa hayo. Watu humwambia mtoto kwamba baba yake muuaji. Maneno aliyotangulia kuyasema hawamwambii.

"Basi ni kweli wanavyosema barazani," akasema. "Ni damu."

"Damu haina mdomo. Mdomo unao wewe."

"Nilimshika mkono, bibi."

"Na ukamwachia?"

"Nikamwachia."

"Basi nisikilize. Mie nakupakulia chakula miaka yote hii, mwana wa aliyeniulia mwanangu. Unadhani siioni sura yake kila ukinawa uso? Nnaiona. Na nakupakulia. Usinifanye mpumbavu mbele ya mji huu, Suhaib. Una swali, nenda kwa mwenye jibu, uulize, kisha ungoje. Ungoje hata likuunguze."

Siku ya pili Suhaib alikwenda Mpendae, mtaa ambao hakuukanyaga tangu utotoni. Amour alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki mbele ya nyumba yao. Watu wa barazani walipomuona Suhaib anapita, mazungumzo yalikatika.

"Si mtoto wa Msabah yule?"

"Ndiye. Mtazame anakoelekea."

"Amour. We Amour, toka nje."

Amour akatoka na spana mkononi. Alimpita Suhaib miaka mitatu, mpana wa mabega.

"Umekuja na nini?"

"Sikuja na kitu."

"Onesha mikono."

Suhaib akainyoosha, akaikunjua viganja mbele ya watu wote. Amour akaitazama, kisha akaiweka spana yake juu ya meza.

"Uliza ulilokuja nalo."

"Wewe na Shemsa mna nini?"

"Alikuja kwa mama yangu, hakuja kwangu. Mzee Simai kamwambia Shemsa, binti yake, kwamba hatampa mtoto wa Msabah mpaka wenye damu yao waingie nyumbani kwake, waseme kwa vinywa vyao kwamba hawana kinyongo na wewe. Nadhani alisema hivyo akijua hatutakwenda. Shemsa akapanda akaja. Peke yake. Kakaa miguuni mwa mama yangu akamuomba."

"Kwa nini hakunambia?"

"Mama alimtaka asiseme mpaka aamue. Ungejua, ungekuja hapa kupiga magoti, na mama hakuwa tayari kukuona. Ijumaa ndiyo siku aliyojiwekea."

"Na kikuba?"

"Kafungiwa na mama yangu, Bi Nunu. Tangu baba afe, hajafunga kikuba. Siku ile katoka mwenyewe kuchuma, kamfungia yule mtoto wa watu. Mie nilisimama mlangoni nikalia kama mjinga."

Suhaib akashika nguzo ya kibaraza. Aibu na furaha zilimjia pamoja, hakujua ipi aanze nayo.

"Usifurahi bado," Amour akasema. "Sijamaliza. Kaja mara ya kwanza, kaja ya pili. Alipokuja ya tatu nilivaa kanzu ya Idi, na haikuwa Idi. Mie nampenda."



"Na nikipeleka posa," Amour akaendelea, "Mzee Simai atanipa kabla kahawa haijapoa. Unalijua hilo."

Suhaib alilijua. Wivu ulimpanda mpaka masikioni, akasikia mshindo kama wa jenereta. Akaiona spana ile juu ya meza, karibu na mkono wake kuliko wa Amour. Akaiona vizuri sana. Akaupeleka mkono nyuma ya mgongo, akaushika kwa mkono wa pili.

"Kwa nini unanambia mimi?"

"Nilitaka kukuona nikikwambia. Baba yangu hakupata nafasi ya kumuona baba yako usoni. Nilitaka nijue kama wewe ni yeye."

"Mie nataka kukupiga."

"Nnakuona."

"Lakini mwambie Shemsa. Mwambie hivyo hivyo ulivyonambia. Ajibu mwenyewe."

"Akinitaka mimi?"



"Ntalia," Suhaib akasema. "Sijui zaidi ya hapo."

Amour akamtazama, kisha akatoa simu, akapiga, akaweka sauti ya nje.

"Naam, Amour," Shemsa akaitika.

"Niko na Suhaib. Nimemwambia yote. Na nimemwambia kwamba nakupenda. Kasema nikwambie."



"Mko wawili hapo?"

"Tuko wawili. Na baraza zima."

"Nyie mmekaa mnaninadi kama samaki changu wa Darajani? Amour, kanzu ile imekupendeza na wewe ni mtu mwema. Jibu langu ni hapana, na lilikuwa hapana kabla hujauliza. Suhaib?"

"Naam."

"Wewe tangu jana unaniuliza maua na simu. La maana hujaniuliza hata moja. Mkono unaniuma."

"Nisamehe, Shemsa."

"Sijui bado. Njoo Ijumaa, nitakuwa nimejua."

Akakata. Mzee mmoja barazani akasema taratibu, "Huyo ataweza kuendesha nyumba," na watu wakacheka, hata Amour kidogo, ijapokuwa macho yake hayakucheka.

Ijumaa baada ya sala walikutana kwa Mzee Simai, Kiponda, ghorofani. Suhaib na bibi yake upande mmoja. Bi Nunu na mwanawe upande wa pili. Wanawake wawili wale, mama wa Salhiya na mjane wa Bakar, hawakuonana tangu mazikoni. Walisogeleana katikati wakashikana mikono, hawakuachiana mpaka mwisho.

"Haya, wenye damu," Mzee Simai akasema. "Nakusikilizeni."

Bi Nunu alimuashiria mwanawe. Amour akasimama.

"Aliyemuua baba yangu yuko jela, na huyo simsamehi. Huyu siye. Nilimchokoza mwenyewe mpaka mwisho wa kuchokozwa, nikaona. Hatuna kinyongo naye."

Kahawa ilikuwa ndiyo kwanza inaletwa. Amour akaomba ruhusa, akateremka ngazi. Hakuna aliyemzuia, maana kila mtu alijua anachokimbia, na Suhaib alijua zaidi yao.

"Suhaib," Mzee Simai akasema, "wivu unao?"

"Nnao, baba."

Mzee hakulitazamia jibu hilo. "Mwingi?"

"Mwingi. Hata sasa hivi, Amour alipokuwa akisema, nilikuwa nao. Na Shemsa nilimshika mkono kwa sababu yake. Sikutaka ulisikie kwa mwengine."

Mzee Simai akanyanyuka, akalisogelea pazia la chumba walimokuwa wanawake wa nyumbani.

"Shemsa. Umeposwa na Suhaib Msabah. Kama umeridhia, kimya chako kinatosha."

Ndiyo desturi: mwari huona haya, hunyamaza, na kimya chake huwa ndiyo jibu. Chumbani kukawa kimya. Shangazi mmoja akavuta pumzi ya kupiga kigelegele.

"Hakitoshi, baba," Shemsa akasema.

"Unasemaje?"

"Kimya hakitoshi. Bi Mwanamkasi kanihadithia, Bi Salhiya alikufa na jibu lake mdomoni. Mie langu nataka lisikike. Nimemsamehe Suhaib, na ninamtaka. Na siku akiniuliza jambo asingoje nimjibu, narudi kwetu."

Mzee Simai akageuka. Aliyasema maneno yake kwa binti, lakini alimtazama kijana.

"Mlango huu utaukuta wazi."

"Nimesikia, baba," Suhaib akasema.

Hapo kigelegele kikapigwa, kirefu, kikakatika kwa kilio, kikaanza tena. Hakikutoka nyuma ya pazia. Alikipiga Bi Mwanamkasi, mama wa Salhiya, mkono wake ungali katika mkono wa Bi Nunu.