Mkanda Usio na Mafuta

Walimtoa Kibwana majini pamoja na kibasi chake saa nne asubuhi, mguu wake wa kulia ungali umekandamiza pedeli ya breki. Inspekta Agapiti Haule alikuwa amesimama kwenye tope la kivuko cha Ndundu, suruali kaikunja hadi magotini, na aliutazama ule mguu kuliko alivyoutazama uso. Mtu anayekufa huku anakanyaga breki hakusinzia, hakulewa, wala hakuwa na nia ya kufa.

Mashahidi walikuwa tele, na kwa mara ya kwanza tangu ahamishiwe Kibiti wote walisema jambo moja. Kibasi kilitoka kwenye pantoni kitupu, maana abiria hushuka wakatembea kwa miguu kila gari linapoingia na kutoka. Kilipofika katikati ya mwinuko wa kutokea mtoni, injini ikanyamaza. Haikukohoa, haikugonga. Kibasi kikarudi kinyumenyume, kikavuka ukingo wa gati, kikazama na dereva wake.

"Na breki?" Agapiti aliuliza.

"Alihangaika nazo, afande. Gari wala halikumsikia."

Koplo Sadala aliandika vielelezo vilivyotolewa ndani ya gari. Kandambili jozi mbili. Dawa ya minyoo ya mbuzi. Kofia ya kushonwa kwa mkono. Uzi wa cherehani. Chupa saba za rangi nyekundu ya kucha ndani ya boksi lililolowa.

"Duka zima hili," Sadala alinung'unika.

"Andika, Koplo."

Kufika saa nane Kibiti ilikuwa imeshapata mhalifu wake, tena alikuja mwenyewe kwa miguu. Mzee Mshamu, fundi makenika wa miaka ishirini na mitano, alisimama mbele ya kaunta ya kituo.

"Nimemuua Kibwana," alisema. "Nifungeni."

Mkuu wa polisi wa wilaya akapiga simu kutoka Utete. Mtuhumiwa kakiri, basi, Jumatatu afikishwe mahakamani. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Na mjini watu walishaanza kusema maneno yao: mzee kapitwa na wakati, mzee ana kijicho na magari mapya, mzee kaua kwa makusudi. Wengine walikuwa walewale ambao magari yao aliwahi kuyafufua porini, njia ya Ngarambe, bila kudai hata shukrani. Ndivyo tulivyo.

Agapiti akamtoa mahabusu, akavuta kiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Usinionee haya. Andika."

"Kwanza nieleze. Mimi gari najua kupanda tu."

Mzee akaeleza. Injini ina sehemu ya juu na sehemu ya chini, na lazima zizunguke kwa kupatana. Zikiachana, vyuma vya juu na vya chini hugongana, injini inakufa palepale. Kwenye Landrova na Pijo alizokua nazo, kinachozifunga pamoja ni cheni ya chuma, inayooga mafuta siku zote. Sasa ikaja miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa, kila mwenye ng'ombe wawili kauza, kaleta kibasi cha mtumba kutoka Japani. Ndani mna mkanda wa mpira.

"Mpira! Injini nzima inashikwa na kitu kama mkanda wa suruali!" Hata ndani ya msiba hasira zilimpanda. "Cheni ikichoka inapiga kelele, inakuita. Mkanda unakatika kimya."

"Kibwana alikuletea lini?"

"Mwezi uliopita. Kuna taa iliwaka pale mbele ya usukani, taa ya mkanda. Nikafungua kava, nikaukuta mkavu kabisa. Nikauonea huruma, mwanangu. Nikaupaka mafuta, brashi nzima."

"Kumbe haupakwi?"

"Jana ndiyo nimeambiwa. Mafuta yanauozesha." Mzee alifuta macho kwa kiganja. "Wallahi sikujua. Lakini marehemu hanufaiki na kutojua kwangu."

"Baada ya kuupaka, taa ilizimika?"

"Haikuzimika. Nikamwambia aiache, taa si injini."

Jumapili asubuhi, baada ya misa ya kwanza, trekta ilikivuta kibasi hadi uani kituoni. Agapiti alifanya jambo lililomfanya Sadala atumbue macho: alimpa mtuhumiwa spana.

"Fungua, mzee. Mimi na Koplo tunaangalia."

Mzee alifungua kava la mbele bolti kwa bolti. Mkanda ulikuwa umelala ndani, umekatika. Aliutoa kwa vidole viwili, akaupeleka puani, akaukunja, akaunusa tena.

"Huu si ule wangu," alisema polepole.

"Umelowa mtoni, mzee. Mafuta yameoshwa," Sadala alisema.

"Mafuta yakishaingia kwenye mpira hayaoshwi na mto, weye! Mkanda wangu ulikuwa na nyufa, na mafuta yalishauingia. Huu mpya. Haujanusa mafuta tangu uzaliwe."

Agapiti akauchukua. Aliutazama pale ulipokatikia. Nusu ya upana ilikuwa imechanika, nyuzi zimetoka ovyo. Nusu nyingine ilikuwa imenyooka kama ukingo wa karatasi.

"Koplo, mpira ukichanika wenyewe unakuwa hivi?"

Sadala alitikisa kichwa. "Hapa pamepita wembe, afande."

"Na wewe, mzee, unaweza kufunga mkanda mpya?"

"Kuupaka niliweza. Kuufunga sijui. Unapangwa kwa alama, ukikosea jino moja umeua injini." Akainama kwenye gurudumu la meno. "Hizi hapa. Mimi alama natia kwa chaki. Huyu katia rangi."

Vilikuwa vidoti vitatu vyekundu, vinang'aa, wala maji ya Rufiji hayakuvibandua. Agapiti akazikumbuka zile chupa saba za rangi ya kucha. Kisha akamtuma Sadala akamwite Sihaba.

Sihaba alikuwa mke wa Huseni, fundi kijana mwenye gereji ya mabati upande wa Mtawanya, aliyejifunzia kazi mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Yeye aliuza vitumbua kivukoni, na kila siku alisafiri na Kibwana kwenye siti ya mbele, ndoo mapajani. Hilo alilijua kila mtu. Alikaa mbele ya Inspekta na kanga ya msiba, mikono juu ya meza. Kucha zake zilikuwa nyekundu.

"Kwa nini siti ya mbele, mama?"

"Nyuma vitumbua vinapondwa, afande."

"Ile taa ya mkanda uliiona?"

"Niliionaje nisiione! Ilinikera macho mwezi mzima. Alhamisi hii iliyopita kibasi hakikwenda safari, Ijumaa nikaikuta imezimwa."

"Alhamisi kilikuwa wapi?"

"Kibwana alisema kwa fundi mwingine. Akacheka, akasema Mzee Mshamu asisikie, ataona kadharauliwa. Alikuwa na heshima, marehemu." Machozi yakamtoka. "Hata mimi hakunitajia fundi gani."

"Na rangi ya kucha umeipata wapi?"

Sihaba aliitazama mikono yake kama mtu aliyeambiwa ana vidole sita. "Nilimwagiza Kibwana aniletee kutoka Kariakoo. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nenda ukapumzike."

Agapiti alirudi nyumbani kula, kichwa kimejaa siti ya mbele. Mtu na mke wa mtu, kucheka cheka, zawadi za Kariakoo. Aliona kesi imejichora yenyewe. Mkewe Emmy, muuguzi wa hospitali ya Mchukwi, alikuwa amejinyoosha mkekani baada ya zamu, miguu juu ya mto.

Kucha za miguu yake zilikuwa nyekundu. Nyekundu ileile.

 Inspekta hakuwahi kujijua kuwa mtu wa wivu. Alijiona msomi, mtu wa Songea aliyetulia. Sasa alisimama mlangoni na viatu vyake, akahesabu siku ambazo Emmy alipanda kibasi cha Kibwana kwenda kazini, na kila siku ilimchoma mahali pake. Nani alikaa siti ya mbele siku hizo?

"Rangi hiyo kakupa nani?" Sauti yake yeye mwenyewe ilimshangaza.

Emmy akafungua jicho moja. "Kakupa nani? Hata salamu hakuna?"

"Nimekuuliza, Emmy."

"Kibwana, Mungu amlaze pema. Nilimwagiza. Sote tulimwagiza, wauguzi, walimu, wauza samaki. Kule Kariakoo wanauza kwa boksi, dazeni nzima, basi tukachangiana chupa mojamoja. Na mikononi sipaki, matroni hataki." Akakaa wima, akamtazama vizuri. "Agapiti! Ebo! Ndiyo sura gani hiyo? Unanionea wivu na maiti?"

Inspekta akaketi chini, kofia mkononi. Kwa dakika mbili tu, akiwa na akili zake timamu na kiapo cha serikali, angeweza kumvunja mtu mkono. Alicheka kwa aibu. Kisha akamkumbuka mume wa Sihaba, kicheko kikamwishia, akasimama.

"Chakula, je?"

"Nakuja," alisema, na alikuwa ameshafika barabarani.

Huseni aliletwa kituoni saa kumi. Kijana mrefu, nadhifu kwa fundi, macho mekundu.

"Kibasi cha Kibwana umewahi kukifungua?"

"Hapana. Kilikuwa cha Mzee Mshamu."

"Hata Alhamisi ile?"

"Hata Alhamisi ile."

"Kibiti hii, nani mwingine anajua kufunga mkanda wa taimingi?"

Huseni akageuka kuutazama mlango.

"Nakuuliza, Huseni."

"Labda wapo."

"Alama unatia kwa nini?"

"Rangi nyeupe. Mafundi wote."

"Nyeupe ikikuishia?"

 Agapiti akaweka mkanda mezani, na pembeni yake gurudumu la meno, vidoti juu. Sadala naye akaweka chupa ndogo yenye kizibo cheusi, iliyopekuliwa kwenye sanduku la spana la gereji ya mabati nusu saa iliyopita. Ilikuwa imebaki robo tatu.

"Huna lazima ya kusema," Agapiti alisema. "Ukisema, yataandikwa na yatakuwa ushahidi."

Kijana aliitazama ile chupa tu, mkanda hakuugusa kwa macho.

"Mke wangu alikuwa mtu wa hina," alisema. "Miaka minne, hina. Jumatano jioni Kibwana anapita na gari, namwona kamwita Sihaba dirishani, kampa kitu kimefungwa kikaratasi, wanacheka. Mimi mume nipo hatua tano. Nikanyamaza. Kesho yake akaniletea gari, nikafunga mkanda vizuri, wallahi, kazi safi. Rangi nyeupe ikaniishia, nikaenda nyumbani kutafuta chochote. Nikaikuta hiyo ndani ya kopo lake la shanga."

"Ukaichukua."

"Nikaichukua. Nikatia alama ya kwanza, nikamwona kwenye siti ya mbele. Nikatia ya pili, nikamwona. Ya tatu... nikauchukua wembe." Alifumba macho. "Wivu ulikuwa unanila, afande. Nilitaka gari life. Kibwana bila gari ni nani? Ni mtu kama mimi."

"Ulijua injini ikizimika breki ya gari lile inakuwa ngumu kama jiwe?"

Huseni aliinamia meza.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na Mzee Mshamu alipojileta hapa?"

"Nilisikia." Sauti ilishuka. "Mimi ndiye niliyemwambia mafuta yanauozesha mkanda. Siku ya pili baada ya kukata. Nilitaka alijue kosa lake mapema."

Sadala akatukana chini kwa chini. Agapiti akavuta boksi lililolowa kutoka chini ya meza, akaanza kuzipanga chupa mbele ya kijana, moja baada ya nyingine, hadi zikatimia saba.

"Hizi zimetoka kwenye gari. Kila moja iliagizwa na mke wa mtu. Dazeni nzima, Huseni. Zilizokwishagawiwa, moja ni hii yako. Nyingine iko nyumbani kwangu."

Huseni aliziangalia.  Alinyoosha mkono akaigusa ya mwisho, akaurudisha haraka kama aliyeungua.

"Ulimwuliza mkeo?"

"Sikumwuliza."

"Miaka minne ya ndoa, na hukumwuliza?"

"Niliogopa atanijibu."

Mzee Mshamu alifunguliwa jioni ileile. Hakushangilia. Alisimama kaunta akirudishiwa kofia yake na tasbihi yake, akauliza kama ataruhusiwa kwenda kuzika, akauliza tena kama Huseni amekula.

Wakati anatoka, Sihaba alikuwa anaingia na bakuli la wali limefungwa kwa kitambaa. Zile kucha hazikuwa nyekundu tena. Alikuwa amezikwangua kwa wembe, zote kumi, na mahali pengine wembe ulikuwa umeingia nyamani.

"Naambiwa ni hii," alisema, akamwonyesha Inspekta vidole. "Kweli ni hii tu, afande?"

Agapiti akamvutia kiti.

"Nilijipaka siku ileile niliyoletewa, kwa ajili ya mume wangu. Ijumaa jioni yote nimemkalia mbele, namnawisha, nampakulia, nasubiri aseme japo umependeza. Hakusema neno." Akaliweka bakuli juu ya kaunta. "Mpe ale. Usimwambie nimelia."

Inspekta akalipokea, akaenda nalo mahabusu mwenyewe.