Oili ya Kompresa ya Nchiru

Kinya, rafiki yangu niliyesoma naye ufundi Embu, hutunza kompresa ya hewa katika kiwanda kimoja cha maji ya chupa karibu na Nchiru. Mwezi mmoja oili ya mashine hiyo ilimsumbua sana. Alikuwa akimwaga ya zamani, anabadilisha filta, anajaza oili mpya kutoka mtungi uliofungwa, na baada ya siku chache inageuka nyeupe kama uji, dalili kwamba imeingia maji.

"Kinya, wewe unaweka oili gani?" msimamizi wake, Muthamia, akamuuliza tena siku moja. "Hii mashine ikikwama, mimi nitasema ni wewe."

"Ni ile ile ya kila wakati, bosi. Hata mimi nimechoka nayo."

Alasiri hiyo stima ikapotea. Kinya akaingia chumba cha kompresa, ambacho hakina dirisha, afungue tangi la oili aone maji yanapitia wapi. Mashine ilikuwa imezima na presha yote imetoka, lakini ndani alisikia kitu kikichuruzika polepole, kikinyamaza, kikichuruzika tena. Akamulika kwa simu kile kioo kidogo cha kupimia oili. Oili ilikuwa inapanda na kushuka.

Kwa hasira akalipiga tangi teke. Oili ikaendelea vile vile. Akazuia pumzi ili asikilize vizuri.

Oili ikasimama. Kinya alijizuia mpaka kifua kikamuuma, nayo ikabaki pale pale kwenye kioo. Mwishowe akashindwa, akavuta pumzi, na oili ikapanda pamoja na kifua chake.