Mashine Ilisema Damu ya Mume Wangu Iko Safi

Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa miaka hamsini na miwili, mkaaji wa Kiganjo, Thika. Nina mume aliye hai, lakini naishi kama mjane...

Njoroge wangu alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani. Washonaji walimletea mashine hata kutoka Ruiru. Kisha mwaka wa 1996 akafungua cherehani ya mteja, akashindwa kuiunganisha tena. Vyuma vimetapakaa mezani, naye analia kama mtoto! Haukupita muda, hata jina la binti yetu Wanjiru likamtoka.

Mdogo wa mume wangu, Kamau, anayeuza dawa kwenye duka moja kule Ruiru, alikuja na kimashine cha kupimia sukari. Kwetu kilikuwa kitu kigeni. Mtu anachomwa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kijikaratasi, umeme kidogo unapita, namba inatokea. Jinsi nilivyoomba Mungu sukari ionekane! Sukari ina dawa...

Haikuonekana. Kamau akanigeukia.

"Shemeji, hii mashine haiwezi danganya. Damu iko safi. Kama si ugonjwa, wewe ulimlisha nini?"

Mimi? Mimi niliyekuwa nikimwosha na kumvalisha?

Nilimpeleka Njoroge kwa daktari. Akasema ni ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu, na kwamba kimashine kile kinajua sukari tu. Cha kuonyesha ugonjwa huu kwa tone la damu hakijatengenezwa bado. Nilipomweleza Kamau, alicheka! Yeye alikuwa na namba ya kuonyesha watu, mimi nilikuwa na maneno matupu.

Ndugu zake wakamhamishia kwa Kamau, Mugutha, na mimi wakanipiga marufuku. Huko wakawa wanamhubiria kila kukicha eti nilimlisha dawa ya mganga.

Jumapili moja, wenyewe wakiwa kanisani, niliingia na githeri ya mahindi, maharagwe na viazi, jinsi anavyoipenda. Nilimkuta ameketi uani. Akanisalimia kwa heshima kama mgeni, kisha akaisukuma sahani polepole.

"Pole, mama. Mimi sikuli chakula ya watu. Bibi yangu alinilisha dawa."

Wenzangu, nawasihi... kipimo kisipoona kitu, msikimbilie kutafuta mchawi jikoni kwa mke! Mume wangu amesahau cherehani, amesahau mtoto, amesahau uso wangu. Uongo wao tu ndio anaoukumbuka.