Nyekundu ya Bibi Tomasa

Kila asubuhi kabla ya shule kazi yangu ilikuwa kusaga rangi. Nilipiga magoti mbele ya jiwe nikasaga wale wadudu wakavu tunaowapangusa kwenye mimea ya miiba ya dungusi, mpaka unga uwe laini na viganja vyangu viwe kama vya mtu aliyechinja kuku. Darasani walinicheka, eti Zenaida muuaji. Sikujali. Nyekundu yetu haikuwa na mfano katika kijiji chote cha San Jacinto, na siri ya kuipika tuliijua watu watatu tu: bibi yangu Tomasa, mama mdogo Natividad na mimi.

Kwa hiyo kijiji kilipoamua kwamba wafumaji wote wafungue karakana zao, Jumamosi hii sisi wa juu, Jumamosi ijayo wale wa ng'ambo ya mto, nilinuna. Wageni wa mjini sawa, watatazama mazulia, watakunywa uji wa mahindi, watakwenda zao. Lakini wafumaji wenzetu? Nilimwambia Bibi kwamba tutaibiwa rangi mchana kweupe. Akanijibu kwamba nikimwona mwizi nimpe kiti.

Mwizi nilimwona mapema. Bi Otilia wa ng'ambo ya mto alifika wa kwanza, na hakutazama zulia hata moja. Alikwenda moja kwa moja kwenye chungu cha rangi, akainama mpaka pua ikakaribia kuzama. Kisha akashika uzi uliokuwa ukikauka, akausogeza hadi kwenye kope zake, akaugeuzageuza. Nani hutazama uzi namna hiyo kama si mpelelezi? Nikamfuata hatua kwa hatua, naye akajifanya hanioni.

Mama mdogo alipoitwa na wageni, Bi Otilia akanigeukia. Alinieleza kwamba aliyekuwa akipika rangi ni marehemu dada yake. Yeye alifuma tu. Dada huyo aliweka nadhiri ya kutoa zulia jekundu kanisani siku ya sikukuu ya kijiji, akafariki zulia likiwa nusu na uzi umekwisha.

"Binti yangu, baada ya unga mnatia nini?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

Sauti hiyo ndiyo iliyonitia shaka zaidi. Kama nia yake ni safi, mbona ananong'ona? Sisi hutia ndimu. Jivu, kama ajuavyo yeyote aliyepika rangi, huigeuza nyekundu kuwa zambarau.

"Maji ya jivu," nikasema. "Vikombe viwili."

Akanishukuru, akanigusa shavu. Nilijiona mjanja kweli. Akijaribu ataona zambarau, na atakoma kupekua ya watu.

Jumamosi iliyofuata tukavuka mto. Karakana yake ilijaa watu waliokuwa wakitazamana. Bi Otilia alisimama kando ya mtambo wake wa kufumia, amevaa gauni la kanisani, anatabasamu. Zulia lilikuwa jekundu mpaka katikati. Kutoka hapo, upana wa viganja vitatu, lilikuwa zambarau.

"Tomasa, njoo uone," akasema. "Nyekundu kama yenu, au sivyo?"

Mtu mmoja akakohoa. Ndipo nilipomtazama machoni kwa mara ya kwanza. Mboni zake zilikuwa na ukungu mweupe. Alikuwa akifuma kwa kuhesabu nyuzi kwa vidole, na hakumwambia mtu, maana nani atampa kazi mfumaji asiyeona?

Masikio yaliniwaka kwa aibu. Ningeweza kunyamaza, watu wangesema mzee kakosea, yakaisha. Lakini sikukuu ilikuwa imebaki siku tisa. Nikasema mbele ya wote kwamba ile si nyekundu, ni zambarau, na kwamba ni mimi niliyemdanganya.

Bi Otilia alipitisha mkono juu ya zulia, taratibu, kana kwamba vidole vingemwonyesha.

"Nilikuuliza wewe mtoto," akasema, "kwa sababu wakubwa wangegundua kwamba sioni."

Nililia, na hakuna aliyenibembeleza. Bibi aliagiza ndimu kapu zima. Nilifumua ile zambarau uzi mmoja mmoja, naye Bibi akaichovya katika maji ya vuguvugu yenye ndimu mpaka ikarudi nyekundu. Siku zote zilizobaki nilitoka shule nikaenda ng'ambo, nikakaa na Bi Otilia nikimtajia rangi huku akifuma. Zulia tulilimaliza usiku wa kuamkia sikukuu.

Bibi alikuja kunichukua, na njiani kurudi nilimwambia kwamba nilitaka tu kuilinda nyekundu yetu.

"Kumshuku mtu si kosa," Bibi akasema. "Ungemwambia 'sikwambii', ni haki yako. Angekuja kwangu, nami ningemwambia. Lakini wewe ulimpa uongo, mwanangu. Naye akakuamini, akaufuma."